Kadi ya parkingi ni ya mtu, si ya gari

Miezi hii ya karibuni watu wengi wamefika katika biro yetu ya mambo ya jamii, hapa Lubumbashi, wakiwa na kadi ya bluu yenye alama ya kiti cha magurudumu, ile ambayo huko Ulaya inamruhusu mwenye ulemavu kuegesha mahali palipotengwa kwa walemavu. Baadhi ni kadi za kweli zilizotumwa na ndugu walio Brussels au Liège. Nyingine ni fotokopi za rangi zilizowekwa plastiki. Swali halibadiliki: nikiiweka nyuma ya kioo, polisi wa rulaji, yaani wa barabarani, ataniacha nisimamishe gari mbele ya mlango wa benki?

Hapana. Kadi hiyo imetengenezwa kwa mfano mmoja ambao nchi za Umoja wa Ulaya zilikubaliana mwaka 1998 ili zitambuliane kadi zao. Kongo haimo katika makubaliano hayo.

Hata huko Ulaya kwenyewe, kadi haifuati gari. Inamfuata mwenye jina lake. Mama asiyeweza kutembea akibebwa leo na mtoto wake na kesho na teksi, kadi inafanya kazi katika magari yote mawili, hata kama yeye hajawahi kushika usukani. Lakini mtoto huyo akitoka peke yake kwenda kununua kreti za bia, akaegesha mahali pa walemavu kwa sababu kadi iko ndani ya gari, amevunja sheria. Nimeeleza jambo hili mara nyingi sana, na bado naambiwa, «Lakini gari ni la mama.» Gari silo lililopewa kadi, ndugu zangu.

Kijana mmoja alituletea kadi ya marehemu mjomba wake. Upande wa mbele unaona alama, nambari na tarehe ya mwisho. Picha, jina na sahihi viko nyuma, ndiyo maana wengi hudhani hakuna atakayejua. Niliigeuza. Mzee alikuwa akitutazama, amevaa koti lake la harusi. Mwenye kadi akifariki, kadi hurudishwa kwa walioitoa. Wakaguzi wa Ubelgiji hupima nambari kwa programu ya simu, na kadi iliyofutwa inaonekana papo hapo. Anayeegesha mahali pa walemavu bila haki hutozwa euro 116, na gari linaweza kuvutwa kwa gharama yake. Uingereza nako, kutumia vibaya kadi kama hiyo kunaweza kukufikisha mahakamani, na faini hufika pauni 1,000.

Kuna pia habari ya kodi, ambayo wengi huisikia nusu. Ubelgiji, kipofu kabisa, aliyepooza au kukatwa mikono, au mwenye ulemavu wa kudumu wa miguu usiopungua asilimia 50, anaweza kununua gari kwa TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 6 badala ya 21. Sharti ni kwamba gari limsafirishe yeye, kwa miaka mitatu. Ndugu yako akilinunua kwa jina la baba mgonjwa, kisha akalipakia kwenye meli Antwerp baada ya miezi minne, atadaiwa sehemu ya kodi aliyosamehewa. Likifika mpakani Kasumbalesa, forodha yetu haitapunguza hata faranga moja kwa sababu ya msamaha wa Ubelgiji. Msiwaingize wazazi wenu kwenye mchezo huo.

Je, hapa kwetu hakuna haki? Ipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inampa mwenye ulemavu haki ya hatua za pekee za kumlinda. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikafuata. Kwa hiyo usiazime karatasi ya Wazungu. Andika barua kwa mkuu wa hospitali, benki au shule unakokwenda mara kwa mara, umwombe mahali karibu na mlango. Ambatanisha cheti cha daktari kinachosema wazi unashindwa kufanya nini: kupanda ngazi, kutembea mbali, kusimama. Cheti kinachosema tu «ni mgonjwa» hakikusaidii. Peleka nakala mbili, ya pili ipigwe muhuri wa kupokelewa, na uitunze. Wasipojibu, tuletee hiyo yenye muhuri. Bila hiyo hatuna pa kuanzia.

Wiki iliyopita, mbele ya benki moja ya katikati ya mji, nilimkuta mama mmoja juu ya kinga (baiskeli) yake ya magurudumu matatu, ile ya kukanyaga kwa mikono. Njia ya mteremko ya kuingilia ilikuwa imezibwa na jeep, na nyuma ya kioo cha jeep ilikuwa fotokopi ya kadi ya bluu. Mama alingoja juani kwa dakika arobaini. Dereva alipotoka alikuwa anatembea vizuri, peke yake, ufunguo kidoleni.

Mwenye jeep ile, na wengine wenye karatasi kama hiyo: itoeni kwenye kioo leo. Kama ni kadi ya kweli ya ndugu aliyefariki, ileteni kwetu kabla ya saa sita mchana, siku yoyote ya kazi. Tutawasaidia kuandika barua ya kuirudisha, na hatutauliza mliitumia wapi.