Kabla hujasema "amefaulu", soma somo kwa somo

Matokeo ya darasa la saba yakitoka, simu yangu hailali. Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi hapa Morogoro, na wazazi karibu wote huuliza swali moja: "Mwalimu, mtoto amefaulu?"

Mwaka mmoja mama mmoja alikuja ofisini na karatasi aliyochapishiwa steshenari, uso umejaa furaha. Mstari wa mwanawe ulisomeka hivi: Kiswahili A, Uraia na Maadili B, Maarifa ya Jamii B, Sayansi C, Kiingereza E, Hisabati E. Mwishoni, wastani C. Majirani walikuwa wameshampongeza. Nami nilimpongeza, kwa sababu mtoto alikuwa amefaulu kweli. Kisha nikaweka kidole kwenye zile E mbili.

"Lakini si wameandika C, mwalimu?"

Nikachukua kalamu tukapiga hesabu. Kila somo lina alama 50, na masomo ni sita, kwa hiyo jumla ni 300. A huanzia 41, B 31, C 21, D 11, na chini ya hapo ni E. Karatasi haionyeshi alama zenyewe, ila tuseme Kiswahili kimempa 42, Uraia 33, Maarifa 31, Sayansi 24, Kiingereza 9 na Hisabati 8. Jumla 147. Mwenye 121 hadi 180 anapata wastani wa C na anahesabiwa amefaulu. Kiswahili kimembeba mtoto, Hisabati na Kiingereza zikajificha nyuma yake.

Hapo ndipo ninapoomba wazazi wasimame kidogo. Mtoto aliyesoma shule ya serikali inayofundisha kwa Kiswahili, akiingia kidato cha kwanza, atafundishwa karibu kila kitu kwa Kiingereza. Baiolojia, Jiografia, Fizikia, na mtihani pia. Kwa hiyo ile E ya Kiingereza haikai kwenye somo lake. Atakutana nayo kila kipindi, na mwalimu wa Baiolojia atadhani mtoto hajui Baiolojia.

Dalili kwa kawaida huwa zimeonekana mapema, kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Wazazi wengi huuchukulia kama shughuli ya shule tu, mpaka mtoto asipofikia kiwango na kutakiwa kukariri darasa. Ndipo fimbo inapotoka. Inaniuma sana, kwa sababu upimaji ule umewekwa ili tujue mtoto amekwama wapi angali na muda mbele yake. Njoo shuleni na matokeo yake, uliza: kusoma kwa ufahamu, au kuandika? Kujumlisha, au mafumbo ya hesabu? Mwalimu wa somo atakujibu.

Jambo jingine dogo linalokula alama: fomu ya kujibia. Maswali ya kuchagua, mtoto huweka kivuli kwa penseli kwenye herufi ya jibu, na mashine ndiyo inayosoma. Nimemwona mwanafunzi mzuri kwenye jaribio akiruka swali la 17, jibu la 18 akaliweka mstari wa 17, na kuanzia hapo kila jibu likakaa mstari usio wake. Mfundisheni kuweka kidole kwenye namba kabla ya kuweka kivuli.

Swali la "amekuwa wa ngapi" naomba tuliache. NECTA yenyewe, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, iliacha kutangaza shule na wanafunzi bora mwaka 2023, na mimi naona ilifanya vyema.

Walio na watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 wafuatilie mtaala mpya: hao elimu yao ya msingi inaishia darasa la sita, mwaka 2027, wakimaliza pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba la mwaka huohuo.

Turudi kwa yule mama. Aliniuliza, "Mimi mwenyewe Kiingereza sijui, nitamsaidiaje?" Nikamwambia hahitaji kukijua. Kila jioni mtoto asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha amsimulie mama kwa Kiswahili alichosoma. Akisimulia vizuri, ameelewa. Akibabaika, neno lililomkwamisha aliandike daftarini, kesho amuulize mtu. Hisabati zianzie dukani na chenji, halafu sehemu na desimali pamoja na kaka yake mkubwa.

Januari, siku chache kabla ya kidato cha kwanza, alinipitishia lile daftari. Maneno 140, kwa mwandiko wa mtoto, mengine yamefutwa na kuandikwa upya mara mbili. Pembeni mama alikuwa ameweka alama ya vema kwa kila neno ambalo kijana alikuwa ameshaweza kumweleza.