Si bahati tu iliyompa Pedersen etha taji

Husimuliwa kwamba Charles Pedersen, mkemia wa kampuni ya kemikali ya DuPont nchini Marekani, aligundua etha taji, molekuli zenye umbo la pete zinazoshika ayoni za metali (chembe zenye chaji ya umeme), kwa bahati tu. Bahati ilikuwepo: mwanzoni mwa miaka ya 1960 malighafi yake ilikuwa na uchafu, na jaribio likaacha fuwele nyeupe asizozitarajia, kama asilimia 0.4 tu ya mazao. Wengi wangezimwaga. Yeye aliona haziyeyuki vizuri katika methanoli, aina ya alkoholi, mpaka atie magadi makali (hidroksidi ya sodiamu). Je, ni ukali wa magadi? Akajaribu chumvi nyingine za sodiamu, fuwele zikayeyuka vilevile. Ndipo alipoelewa kuwa molekuli ni pete, na ayoni ya sodiamu hukaa katikati yake. Huo ni umakini wa hali ya juu, tena wa mtu asiye na shahada ya uzamivu! Alichapisha mwaka 1967; mwaka 1987 akatunukiwa Nobel pamoja na Donald Cram na Jean-Marie Lehn.