Mashine za betri nyumbani: maneno ya watu na ukweli wenyewe

"Za betri hazina nguvu." Kauli hii ilikuwa na haki yake zamani. Black & Decker walitoa drili isiyo na waya mwaka 1961, ikitumia betri za nikeli-kadimiamu, na kwa miaka mingi mashine za aina hiyo zilichoka upesi. Lithiamu imebadilisha hesabu. Drili nzuri ya volti 18, biti ikikwama ndani ya mbao, inaweza kukupinda kifundo cha mkono. Ishike kwa mikono miwili.

"Volti 20 inaishinda volti 18." Hapa wengi hulipia kibandiko. Kwa kawaida zote mbili zina seli 5 (vibetri vidogo vya ndani) zilizofuatana, volti 3.6 kila moja, jumla 18. Zikitoka kwenye chaja zimejaa, kila seli hufika volti 4 na ushee, ndipo muuzaji anaandika 20. Wewe tafuta wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichomo kwenye betri: volti mara ampea-saa. Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Ya ampea-saa 2 ina 36 tu, ijapokuwa zote huingia kwenye mashine ileile.

"Basi petroli na waya vimepitwa." Wapi! Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9. Hata injini ndogo ikitumia moja ya tano tu, kingine kikipotea kama joto, hizo ni betri 20 za wati-saa 90. Anayepasua magogo kutwa ana sababu ya kubaki nayo, na grainda ya waya nisingeitupa. Lakini nyasi za uani? Mashine ya petroli hukaa wiki kadhaa, mafuta yanachacha kwenye kabureta, kisha unavuta kamba mpaka bega linalalamika.

"Iishe kabisa ndipo uichaji." Hayo ni mazoea ya nikeli. Lithiamu haipendi kukaushwa, wala kuachwa imejaa kwenye joto. Ukiiweka stoo kwa miezi, iache na chaji nusu hivi, mahali penye ubaridi.

"Betri yoyote itaingia." Thubutu! Kila kampuni ina mdomo wake wa kuchomekea betri, kwa hiyo chagua betri kwanza, mashine zifuate.

"Bila waya hakuna hatari." Msumeno wa betri hausubiri kuchomekwa ukutani. Kidole kikigusa swichi wakati unabadilisha meno, msumeno unazunguka. Chomoa betri kwanza.