Nta nyeupe kutoka makaa meusi

Mezani kwangu kuna kipande cha nta, cheupe pe, hakina harufu. Wageni hudhani ni mshumaa uliovunjika. Nikiwaambia kilikuwa makaa ya mawe, hucheka.

Safari yake ni hii. Makaa huvunjwa, mabonge makubwa yakiwa kama ndimu, kisha hutiwa kwenye tanuri lenye shinikizo na kupulizwa mvuke na oksijeni. Oksijeni hupimwa ili yasiungue yote. Kinachotoka ni gesi: kaboni monoksidi na haidrojeni, pamoja na uchafu tele. Gesi hiyo huoshwa kwa methanoli baridi kuliko barafu ili salfa itoke. Wanafunzi huiona hatua hii inachosha. Mimi ndiyo naikagua kwanza, kwa sababu kichocheo kinachofuata, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, ni cha chuma, na salfa kidogo tu hukiua. Nta yangu haina harufu kwa sababu hiyo hiyo.

Juu ya chuma hicho, kaboni hushikana moja moja kama shanga uzini. Kwenye nyuzi joto 230 hivi uzi hurefuka, tunapata nta, ambayo baadaye hukatwakatwa kuwa dizeli. Ukipandisha hadi karibu 340, nyuzi hubaki fupi: petroli na gesi.

Waliogundua njia hii ni Franz Fischer na Hans Tropsch, mjini Mülheim, Ujerumani, miaka ya 1920. Nchi yao ilijaa makaa lakini visima vya mafuta vilikuwa vichache. Afrika Kusini ilikuwa na shida hiyo hiyo. Kampuni yake ya Sasol ilianzishwa mwaka 1950, ikaanza kuzalisha mjini Sasolburg mwaka 1955. Mitambo mikubwa zaidi ya Secunda ilikuja baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, na ilipoanza kazi miaka ya 1980, Iran ilikuwa imeshaacha kuwauzia makaburu mafuta.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo wengi huteleza. Katika makaa, kila atomu ya kaboni ina haidrojeni isiyofika hata moja. Dizeli inataka karibu mbili. Upungufu huo hujazwa kutoka kwenye maji: kaboni monoksidi huunyang'anya mvuke oksijeni, haidrojeni ikabaki huru, na monoksidi ikageuka kaboni dayoksidi, yaani hewa ukaa, ikapaa angani. Kwa hiyo moshi wa Secunda, zaidi ya tani milioni 50 za hewa ukaa kwa mwaka, hautokani na uzembe wa mafundi. Ni kemia yenyewe, pamoja na makaa yanayochomwa kupata mvuke na umeme. Chujio la bomba la moshi halitausaidia.

Nikifika hapa, Mtanzania mwenzangu hakosi kuuliza: na makaa yetu ya Ngaka na Mchuchuma je? Inawezekana, namjibu, lakini kabla hatujafika kwenye bei ya mtambo, nioneshe maji. Secunda huvutiwa yake kwa mabomba kutoka bwawa la Grootdraai, kwenye mto Vaal.