Ndugu Wanaogombana Vitabuni: Dhana Potofu Kuhusu Hadithi za Watoto

Hadithi za watoto zinazohusu kukua, ndugu na marafiki zina balaa moja: kila mtu mzima anaamini anazijua, kwa sababu naye aliwahi kuwa mtoto. Mzazi akichagua kitabu anatazama picha, anapekua ukurasa wa mwisho kuona kama kuna funzo, basi. Dhana ninazozijibu hapa nazisikia kwa wazazi, kwa walimu, na hata kwa wanaoanza kuandika. Nazijibu kwa kuwa naona zinawanyima watoto vitabu vizuri.

"Kitabu chenye ndugu wanaogombana kinamfundisha mtoto ugomvi"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na nitakaa nayo zaidi.

Ugomvi mtoto haufundishwi na kitabu. Aliujua siku alipoletewa mdogo wake nyumbani na kukuta mapaja ya mama yamepata mwenyewe mwingine. Anachokosa ni mtu wa kumwambia kwamba ile chuki inayompanda kooni anaponyang'anywa kitu chake haimfanyi kuwa mtoto mbaya. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Ugomvi wa ndugu hawakuushangaa hata kidogo.

Tazama "Little Women" ya Louisa May Alcott, iliyotoka mwaka 1868. Watu wengi wanaikumbuka kama hadithi ya dada wanne wapendanao, na kweli wanapendana. Ila kuna sura moja ambamo Amy, kitinda mimba, anaachwa nyumbani dada zake wakubwa wakienda kutazama tamthilia. Kwa hasira anauchukua mswada wa hadithi ambazo dada yake Jo amezihangaikia kwa miaka na kuutia motoni. Nakala nyingine haipo. Jo anaapa kwamba hatamsamehe maisha yake yote.

Kesho yake Jo anakwenda na rafiki yake Laurie kuteleza kwenye mto ulioganda, na Amy anawafuata nyuma. Laurie anapaza sauti kuonya kwamba barafu ya katikati si salama. Jo anasikia. Amy, akiwa bado anahangaika kusimama, hasikii. Jo anageuka, anamwona mdogo wake, halafu anajiambia: awe amesikia au hakusikia, ajitunze mwenyewe. Muda mfupi baadaye barafu inapasuka na Amy anatumbukia majini. Anaokolewa, lakini nusura afe.

Alcott angeweza kumpunguzia Jo mzigo. Angeweza kusema kwamba naye hakusikia vizuri, au kwamba alikuwa mbali mno. Hakufanya hivyo. Alimwacha Jo na ule ukimya wake, na mtoto yeyote aliyewahi kumwombea ndugu yake mabaya kimoyomoyo anajiona hapo waziwazi. Usiku Jo anapomlilia mama yake, mama hamhubirii. Anamwambia kwamba hata yeye hukasirika karibu kila siku ya maisha yake, ila amejifunza kutoionyesha hasira hiyo. Jo alikuwa hajawahi kulifikiria hilo. Kwa maoni yangu ndiyo kurasa bora katika kitabu chote, na ndizo ambazo mtu mwenye kuogopa ugomvi vitabuni angezikata kwanza.

"Hadithi ya watoto haijakamilika bila funzo mwishoni"

Funzo lililobandikwa mwishoni msomaji mdogo huliruka. Kinachobaki kichwani mwake ni tukio.

Beverly Cleary alilijua hilo. Katika "Beezus and Ramona", kitabu cha mwaka 1955, Beezus ana mdogo wake wa miaka minne, Ramona, ambaye anashuka chini ya nyumba kwenye sanduku la matofaa na kung'ata kila tofaa mara moja tu, halafu analiacha na kuchukua jingine. Sababu yake ni kwamba tonge la kwanza ndilo tamu zaidi. Siku Beezus anapotimiza miaka kumi, Ramona anaharibu keki mbili mfululizo, ya pili kwa kutumbukiza mwanasesere wake wa mpira ndani ya jiko ikiwa inaokwa. Hapo Beezus anakiri mezani jambo lililomtesa kitabu kizima: kuna nyakati hampendi mdogo wake.

Mwandishi anayewinda funzo angemfanya aombe msamaha. Kwa Cleary, mama anauliza kwa nini ampende kila saa, kisha yeye na dada yake, yaani mama mkubwa au mdogo wa watoto hawa, wanaanza kukumbushana walivyogombana utotoni huku wakicheka mpaka basi. Beezus anawatazama watu wazima wawili waliowahi kuudhiana vilevile na sasa ni marafiki. Hakuna aliyemwambia "kwa hiyo ujifunze kwamba". Hakukuwa na haja.

"Anayeandika kuhusu ndugu lazima awe amekulia kwenye familia kubwa"

Cleary alizaliwa peke yake. Hakuwa na kaka wala dada. Ramona mwenyewe aliingia vitabuni kama kwa bahati: Cleary alipokuwa akiandika kitabu chake cha kwanza, kilichotoka mwaka 1950, aligundua kwamba watoto wote aliowabuni hawakuwa na ndugu, akamwongeza mdogo wa kike asiyeweza kutamka Beatrice, ili lile jina la utani la Beezus lipate maelezo. Huyo wa kuongezewa ndiye aliyekuja kuwa maarufu kuliko wenzake.

Alcott naye alikuwa na dada watatu, lakini kitabu hakukianza kwa mapenzi. Mchapishaji ndiye aliyetaka hadithi ya wasichana, na kwenye shajara yake Alcott aliandika kwamba kazi ya namna hiyo haimfurahishi. Kinachohitajika ni jicho na kumbukumbu ya jinsi mambo madogo yalivyokuwa makubwa. Cleary alikuwa mkutubi kabla ya kuwa mwandishi. Alisikiliza wavulana wakimwuliza viko wapi vitabu kuhusu watoto kama wao.

"Kifo na huzuni havimfai mtoto"

Mwaka 1977 Katherine Paterson alitoa "Bridge to Terabithia", hadithi ya mvulana, Jess, na msichana walio marafiki, na msichana anakufa ghafla. Mwaka uliofuata kitabu kilipewa Nishani ya Newbery, tuzo ya Marekani kwa fasihi ya watoto inayotolewa tangu 1922. Pia kiliwekwa mara nyingi kwenye orodha za vitabu ambavyo wazazi walitaka viondolewe shuleni. Paterson alikiandika baada ya rafiki wa mwanawe, mtoto mdogo, kufa kwa radi. Alikuwa na mtoto nyumbani aliyeuliza maswali, na majibu ya mkato hayakumtosha.

Walioogopa kitabu hiki wanafikiri kinamletea mtoto huzuni asiyokuwa nayo. Lakini tazama Jess anavyofanya baada ya kifo. Halii kwa ustaarabu. Anakasirika. Anatupa mtoni rangi za kuchorea alizopewa na rafiki yake. Mdogo wake May Belle anapomwuliza kama ameiona maiti, anampiga usoni. Huzuni ya mtoto mara nyingi hutoka hivyohivyo: kama hasira, kama kususa, kama kipigo kwa ndugu asiye na kosa. Mtu mzima anayeliona hilo nyumbani kwake huliita utovu wa adabu. Mtoto aliyekisoma kitabu ana walau mtu mmoja aliyeyapitia hayo kabla yake.

"Hadithi za wasichana wavulana hawazisomi"

Asiyezisoma ni yule aliyeambiwa hazimhusu. Ramona anayeharibu keki hana haja ya msomaji wa jinsia fulani, na mvulana mwenye dada mdogo msumbufu atamtambua kabla ya ukurasa wa tano. Wanaogawa rafu kwa rangi ya jalada ni watu wazima.

"Rafiki wa kweli hakuachi kamwe"

Hii inasemwa kwa nia njema na inaumiza. Katika kukua, urafiki mwingi unakwisha bila mtu kukosea. Mmoja anahamishwa darasa, mmoja anarefuka na kuanza kuona michezo ya zamani ni ya kitoto, anakuja mtoto wa tatu na wawili wanakuwa watatu, jambo gumu mno. Mtoto aliyeachwa na rafiki kwa njia hiyo hana wa kumshtaki, kwa hiyo anajishtaki mwenyewe. Hadithi inayomletea mwizi wa marafiki, msichana mkorofi anayeumbuliwa sura ya mwisho, inamdanganya mara mbili: kwamba lazima kulikuwa na mbaya, na kwamba rafiki atarudi. Wanaoanza kuandika nawaomba wajaribu sura ambamo wawili walioachana wanasalimiana mlangoni, kwa adabu, kisha kila mmoja anashika njia yake. Ni ngumu kuandika kuliko ugomvi.

"Kitabu kina umri wake, ukishapita, basi"

Umri unaoandikwa nyuma ya jalada unamsaidia muuzaji kupanga rafu. Watoto hupenda kusoma habari za waliowazidi mwaka mmoja au miwili, na hurudia kitabu walichokipenda hata baada ya kukizidi kimo.

Chukua "Jacob Have I Loved" ya Paterson huyohuyo, ya mwaka 1980. Louise na Caroline ni mapacha. Louise alitangulia kuzaliwa, akiwa mzima wa afya. Caroline alizaliwa akipumua kwa shida, na nyumba nzima ikakimbilia kumwokoa. Louise anakua akiuliza swali moja: saa ile mlipokuwa mnahangaika na mwenzangu, mimi nilikuwa wapi? Anajibiwa kwamba aliwekwa kwenye kikapu. Msomaji wa miaka kumi na miwili anakasirika pamoja na Louise, na ana haki. Msomaji yuleyule akishapata watoto wake wawili anarudi kwenye ukurasa uleule na kumwona mama, mwenye mikono miwili tu, na pacha mmoja anakaribia kukata roho.