Baada ya kupasuliwa tumbo: yanayosemwa kuhusu maumivu na ukweli wake

Mtu akitoka chumba cha upasuaji akiwa amepasuliwa tumbo, iwe ni kwa sababu ya kidonda cha tumbo kilichotoboka, utumbo uliojisokota, uvimbe kwenye kizazi au mimba iliyotunga nje ya kizazi, ushauri humfikia kabla dripu ya kwanza haijaisha. Mwingi hutolewa kwa mapenzi, na baadhi yake ni mzuri. Unaomchelewesha kupona ni ule unaohusu maumivu, kwa kuwa ndugu wengi huyachukulia ama kuwa jambo la kuvumilia tu, ama kuwa amri ya kutojongea kabisa.

"Jikaze, maumivu ni sehemu ya kupona."

Kwamba maumivu yatakuwapo ni kweli; kwamba yaachwe yalivyo si kweli. Mwenye mshono tumboni akiumia mno huvuta pumzi fupi fupi na kukataa kukohoa, makohozi yakajikusanya sehemu ya chini ya mapafu, na nimonia ikapata pa kuingilia. Asipotembea, damu hutuama kwenye mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaweza kumuua mtu ambaye upasuaji wake ulikwenda vizuri kabisa. Kwa hiyo muuguzi mzoefu hatosheki na jibu la "naendelea vizuri", ambalo mara nyingi hutolewa kwa kuwaonea haya wageni waliozunguka kitanda, bali humwambia mgonjwa akohoe mbele yake. Akishindwa, dawa haijatosha.

Siku za mwanzo dawa hutolewa kwa saa zilizopangwa, bila kusubiri maumivu yapande, maana yakishapanda huwa magumu kuyashusha. Lengo si kutosikia chochote, bali kuweza kuvuta pumzi ndefu, kugeuka kitandani na kwenda msalani. Kukohoa nako kuna ufundi wake: mgonjwa huketi wima, hukumbatia mto au kanga iliyokunjwa na kuukandamiza mshono kwa mikono miwili, huvuta pumzi ndefu, ndipo akakohoa. Anapoamka kitandani hulala kwanza kwa ubavu, akashusha miguu, kisha akajiinua kwa nguvu za mkono wala si za tumbo.

"Ukichomwa mofini utakuwa teja."

Mofini ni dawa kali ya kutuliza maumivu, na hofu hii haikutoka hewani. Nchini Marekani, kuanzia miaka ya 1990, dawa za jamii hii ziliandikwa kwa wingi na kwa muda mrefu kupita kiasi, na watu wengi mno walipoteza maisha. Lakini hiyo ni hoja ya kupanga kipimo, muda na usimamizi, wala si ya kumnyima dawa mtu aliyechanwa tumbo jana. Mgonjwa wa wodini hupewa mofini kwa siku chache, hupunguziwa kadiri maumivu yanavyopungua, na wengi huiacha bila kuitamani tena. Uganda imeonyesha jinsi hofu hii inavyoweza kushughulikiwa: tangu mwaka 1993, Hospice Africa Uganda, taasisi ya kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi iliyoanzishwa na Daktari Anne Merriman, imekuwa ikiwapa wagonjwa wa saratani mofini ya maji wanywe majumbani mwao, na baadaye wauguzi waliosomea kazi hiyo wakaruhusiwa na sheria kuiandika.

Madhara yanayostahili kuangaliwa ni mengine: kufunga choo, kichefuchefu, kuwashwa na usingizi. Mgonjwa akiwa na usingizi mzito hata kuamka inakuwa shida, au pumzi zake zikiwa chache na za taratibu mno, muuguzi aitwe papo hapo.

"Panadoli ni dawa ndogo tu."

Si ndogo kwa maana yoyote ile. Ikimezwa kwa ratiba hupunguza kiasi cha mofini kinachohitajika, na ikizidishwa huharibu ini. Kikomo cha mtu mzima mwenye uzito wa kawaida na ini zima ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, pamoja na ile iliyochanganywa ndani ya dawa za mafua. Ninaloliona la hatari zaidi ni diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, inayonunuliwa duka la dawa bila cheti, kwani dawa hiyo huchubua tumbo na kuelemea figo. Aliyepasuliwa kwa kidonda cha tumbo kilichotoboka anaweza kujirudishia ugonjwa uleule uliomlaza.

"Asisogee, mshono utafumuka."

Katika miaka ya 1990, daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, aliunganisha utulizaji mzuri wa maumivu, kula mapema na kutembea mapema, na wagonjwa wake wakarudi nyumbani upesi kuliko ilivyozoeleka. Leo hospitali nyingi humwinua mgonjwa siku inayofuata, au hata siku hiyohiyo, ikiwa hali yake inaruhusu. Hatua chache kando ya kitanda hazifumui mshono. Kinachouelemea ni kunyanyua vizito: ndoo ya lita 20 ya maji ni kilo 20, na ushauri wa kawaida ni kuiacha kwa takriban wiki 6, kwa kuwa nyama iliyoshonwa hupata nguvu polepole, na hata baada ya miezi 3 haijafikia nguvu yake ya awali.

Kukanda kovu kwa maji ya moto pia kuachwe. Ngozi iliyo kando ya mshono mara nyingi huwa imekufa ganzi, na mtu huungua bila kujua.

"Jana alikuwa anacheka, leo kaanguka, kuna mkono wa mtu."

Kupona hakupandi moja kwa moja. Siku ya pili au ya tatu huwa mbaya kuliko ya kwanza kwa wengi, kwa sababu ganzi ya upasuaji imekwisha, na siku ya kuruhusiwa huumiza kwa sababu ya safari na kwa kuwa sindano zimebadilishwa kuwa vidonge. Wiki kadhaa baadaye huja mwasho na michomo kama ya umeme, wakati mishipa ya fahamu iliyokatwa inapoota upya, takriban milimita 1 kwa siku.

Linaloogofya familia zaidi ni mzee anayeanza kuona watu wasiokuwapo usiku, au kumwita mwanawe kwa jina la marehemu. Wapo wanaokimbilia kutafuta wa kumtoa majini. Aghalabu ni kuchanganyikiwa kunakofuata upasuaji, na chanzo chake huweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji au oksijeni, dawa, kukosa usingizi, au maumivu yasiyotulizwa ambayo mzee hakuyasema. Daktari aambiwe siku hiyohiyo. Wakati huo miwani yake irudishwe usoni, taa isizimwe yote, na aketi naye mtu anayemfahamu.

"Tarehe ya kliniki haijafika, tusiwasumbue madaktari."

Kuna mambo yasiyongoja tarehe: homa ya nyuzi 38 au zaidi, usaha au harufu mbaya kwenye mshono, wekundu unaotambaa, kutapika mfululizo huku tumbo likijaa, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kukosa pumzi ghafla. Mguu huo usichuliwe. Maji ya rangi ya waridi yakichuruzika kwa wingi kutoka kwenye mshono, hasa kati ya siku ya 5 na ya 10, huenda tabaka za ndani zimeachia: mgonjwa alazwe chali magoti yakiwa yamekunjwa, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi kilicholowekwa maji yaliyochemshwa yakapoa, asile wala asinywe, na apelekwe hospitali mara moja. Ikiwa utumbo umechungulia nje, mtu yeyote asijaribu kuurudisha kwa mkono.