Dhana potofu na ubaguzi: maneno mawili tunayoyachanganya

Ukitafuta chumba Pasua, hapa Moshi, maswali ya dalali huanza kabla hujaulizia maji na umeme. Unafanya kazi wapi? Kabila gani? Una mume? Mwaka jana nilimsindikiza dada mmoja mwenye watoto wawili. Vyumba vitatu vilikuwa wazi, na kodi ya miezi sita alikuwa nayo mkononi. Kote alikataliwa kwa sababu hana mume. Mwenye nyumba wa tatu, mama mtu mzima, alitukaribisha chai kabisa, akasema: "Mwanangu, sina ubaya na wewe, ila wanawake mnaoishi peke yenu huleta wanaume uani."

Maneno yale kwamba "huleta wanaume" ni dhana potofu: mtu anahukumiwa kwa kundi alilomo kabla ya kujulikana yeye mwenyewe. Kumnyima chumba ndio ubaguzi. Dhana hukaa moyoni na mdomoni. Ubaguzi ni tendo, na mtendaji wake ni mtu mwenye kitu cha kutoa au kunyima: funguo, kazi, alama za mtihani, shamba. Wapangaji wa nyumba ile huenda nao waliwaza kama yule mama, lakini mwenye funguo alikuwa mmoja.

Wengi hudhani anayebagua lazima awe anachukia. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni kihamba, lile shamba la migomba na kahawa la Wachaga ambamo wazee wetu wamezikwa. Kwa desturi kihamba hurithiwa na watoto wa kiume, hasa wa kwanza na wa mwisho. Binti "ataolewa, ataenda kwa watu." Baba anayesema hivyo anampenda bintiye, pengine ndiye aliyeuza ng'ombe ili amsomeshe. Binti akiachika akarudi nyumbani, anakuwa mgeni kwenye migomba aliyoipalilia utotoni. Hapo hakuna chuki, ila amebaguliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Tatizo ni kwamba kikao cha ukoo hukaa na kumaliza mambo muda mrefu kabla sheria haijabisha hodi.

Kuchagua peke yake si kubagua. Kampuni ya utalii Arusha inayotaka dereva mwenye leseni haimwonei asiye nayo, kwa kuwa kazi yenyewe inadai leseni. Lakini tangazo la muuza duka linalotaka "binti wa miaka 18 hadi 25 mwenye mvuto" linadai nini kinachohusu kuuza sukari? Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza kubagua, na inataja kabila, mahali mtu alipotoka, dini, rangi, jinsia na hali ya maisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaongeza ujauzito, ndoa, ulemavu, umri na VVU.

Ubaya mkubwa wa dhana potofu ni kwamba hujizalia ushahidi. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni vizuri vitu vya mbali. Akikalishwa nyuma darasani haoni ubao, anafeli, kisha watu wanasema watoto wa aina hiyo hawana akili. Angekaa mbele, akapata miwani na kofia, maneno hayo yasingekuwa na pa kushika. Ngozi yake nayo inahitaji kinga ya jua, maana saratani ya ngozi huwaua wengi wenye ualbino mapema. Hapa KCMC, hospitali yetu ya rufaa, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, hutengenezwa mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili yao. Najivunia kwamba yanatoka mjini kwetu.

Arusha imeshuhudia mwisho wa njia hii ukielezwa mahakamani. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994, ilisikiliza kesi zake katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, na hukumu hiyo ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2003 ikawahukumu watu wa redio na gazeti waliochochea mauaji hayo ya Rwanda. Redio ile ilikuwa imewaita Watutsi mende, siku baada ya siku, mpaka kwa wengi waliosikiliza jirani akaacha kuwa mtu. Kitambulisho cha kila raia kilionyesha kabila lake, na kwenye vizuizi vya barabarani mstari huo mmoja ulitosha kuamua nani afe.

Sisemi mama wa Pasua yuko huko. Nasema tu kwamba naye alijibu kundi, akamwacha mtu aliyekaa mbele yake na kikombe cha chai.

Yule dada alipata chumba Njoro baada ya wiki tatu. Kaka yake ndiye aliyekwenda kwa dalali, akajitambulisha kuwa mume.